Katuni ya Kushindwa

Sirili alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, migomba mia mbili, ng'ombe wawili, mke mwenye subira, na wivu mmoja. Katika mali yake yote, wivu ndio aliouhudumia vizuri zaidi. Kahawa yake ilipopatwa na ugonjwa wa chulebuni aliing'oa, akapanda parachichi. Lakini wivu ule, aliouotesha mwaka 1984, haukuwahi kunyauka hata jani.

Aliyeonewa wivu aliitwa Filbert, na kosa lake lilikuwa kuchora.

Jumapili moja baada ya misa ya kwanza, Sirili alikuwa kilabuni pale Kilema, ameshika kata ya pombe ya mbege, mwalimu mstaafu Hosea alipovaa miwani na kuwasomea wenzake tangazo kwenye simu. Maonyesho ya katuni za gazeti la Kipenga. Moshi mjini, ukumbi wa parokia, Jumamosi ya wiki ijayo. Wote mnakaribishwa.

"Katuni za Filbert hizo!" akasema mmoja.

"Filbert! Yule mtu alikuwa na mkono, jamani."

"Mnaikumbuka ile ya geti?"

Hakuna aliyekuwa ameisahau. Mwaka 1987 Rau Stars ya Moshi iliifunga timu ya Tarakea mabao manne kwa sifuri, na jioni ile ile Kipenga kilitoka na katuni ya golikipa wa Tarakea amevaa kofia ya ofisa forodha, mkono mmoja unainua geti la mpakani, mwingine unaipungia mipira iliyopanga foleni kama malori. Chini pameandikwa, "Piteni tu, leo hakuna ushuru!" Wazee wazima walicheka pale kilabuni mpaka mmoja akapaliwa, ingawa mechi yenyewe ilikuwa imepita karibu miaka arobaini. Hosea aliinuka akaigiza jinsi golikipa anavyoinua geti. Sirili alitazama ndani ya kata yake, akatamani mbege ile igeuke shubiri vinywani mwao wote.

"Na wewe si ulikuwa hapo Kipenga, meku?" Hosea akamwuliza, akimwita mzee kwa Kichagga. "Ulikuwa unafanya nini vile? Unapanga herufi?"

"Nilikuwa nachora."

"Ahaa," akasema Hosea kwa upole, kama unavyomjibu mtoto anayekuambia kwamba yeye ni rubani, kisha akarudia tena ile ya geti kwa aliyechelewa kufika.

Na kweli alikuwa akichora. Kipenga lilikuwa gazeti la michezo la Mohinder Singh, mwenye mtambo wa uchapaji pale mjini, na sifa yake ilikuwa moja. Mechi ikiisha, watu wakitoka uwanjani walilikuta gazeti linauzwa getini, matokeo yamo, na katuni ya mechi hiyo hiyo imo. Watu walishangaa. Walisema yule Singasinga anafuga jini la kuchora.

Jini lenyewe lilikuwa hila ndogo tu. Kila Ijumaa zilichorwa katuni mbili, moja ya Rau Stars ikishinda, nyingine ya Rau Stars ikishindwa, na Jumapili mchana mabamba ya kuchapia zote mbili yalikuwa tayari. Filimbi ya mwisho ikilia, mtu alipiga simu kutoka duka la jirani na uwanja, Mohinder akaweka bamba linalohusika, mtambo ukaunguruma. Ikitoka sare, nafasi ya katuni ilipewa tangazo la sabuni. Katuni ambayo haikupata bahati ilitupwa. Ilikuwa mwiko kuitaja hila hiyo nje ya ofisi, na ilikuwa mwiko mchoraji kuweka jina lake. Kwenye kona ya kila katuni ilichorwa filimbi ndogo, basi.

Wachoraji walikuwa wawili, Sirili na Filbert. Siku yao ya kwanza kazini Mohinder aliwasimamisha mbele ya meza yake, akatoa shilingi mfukoni, akairusha juu kama refa. Upande wa mwenge ukatokea juu. Filbert akapewa kuchora ushindi, Sirili akapewa kuchora kushindwa. Ikawa hivyo kwa miaka saba.

Na Rau Stars ya miaka ile ilikuwa haishikiki! Sirili alichora katuni mia mbili na zaidi, zikatoka ishirini na tatu. Hizo ishirini na tatu nazo zilitoka siku ambazo Moshi nzima imenuna, watu wakazifungia maandazi bila kuzitazama. Za Filbert zilibandikwa kwa vinyozi, buchani, kwenye vioo vya malori. Filbert akipita Majengo aliitwa huku na huku kunywa chai, kwa kuwa mjini alikuwa anaonekana kila siku, na watu walikwishaamua wenyewe kwamba mchoraji ndiye yeye. Sirili alifikia mahali pa kupiga magoti kanisani Jumapili asubuhi, macho ameyafumba, akimwomba Mungu Rau Stars wafungwe. Mzaliwa wa Moshi, mwenye kadi ya uanachama wa klabu! Mungu hakumsikiliza mara nyingi.

Kilichomkera kuliko vyote ni kwamba Filbert hakujivuna. Akisifiwa alijibu, "Sisi wa Kipenga tunajitahidi." Sisi! Angeringa hata kidogo, Sirili angepata pa kumshika. Lakini mtu mwenye kipaji na tabia njema hakupi nafasi hiyo, unabaki kumchukia bila sababu huku unajua kwamba huna sababu.

Jumatano ya wiki ile gari dogo jeupe lilipanda mpaka kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Sirili. Akashuka mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele ndefu amezisuka msuko mmoja, bahasha kubwa kwapani.

"Shikamoo babu. Mimi naitwa Manpreet, mjukuu wa Mohinder wa Kipenga."

"Marahaba, marahaba! Wa Mohinder? Karibu ndani mama. Mama Godwin, tuna mgeni!"

Justina, mkewe, alileta chai ya maziwa na ndizi mbivu, akakaa pembeni akichambua maharage. Manpreet alieleza kwamba lile jengo la mtambo linauzwa, na katika kulisafisha wamekuta stoo magazeti yote ya Kipenga, toka la kwanza mpaka la mwisho. Ndiyo maana ya maonyesho.

"Babu kabla hajafariki alinisimulia ile siri ya katuni mbili," akasema. "Aliniambia mchoraji mmoja alikuwa wa ushindi na mwingine wa kushindwa. Nani ni nani hakusema, na mimi mjinga sikuuliza. Sasa nataka kila picha iwe na jina chini yake. Haifai mtu achore miaka saba asitajwe."

"Umeshafika kwa Filbert?" Sirili aliuliza.

"Nimefika, Majengo. Ila si unajua ana kiharusi, mwaka wa pili sasa? Anaelewa kila kitu, lakini hawezi kusema, na mkono wa kulia haushiki kalamu. Anatunzwa na mkwe wake, ambaye aliolewa Kipenga kimeshakufa zamani. Kwa hiyo nimebaki na wewe, babu."

Sirili alijua habari za kiharusi. Alizisikia mwaka uliopita, akasema "masikini," akaendelea kupogoa migomba. Kwenda kumwona mgonjwa hakwenda. Kila alipopanga kwenda alikumbuka ile chai ya Majengo.

"Mjini wote wananiambia mchoraji alikuwa Filbert," Manpreet akaendelea. "Lakini nikiwauliza nani alimwona akichora, hakuna."

"Watu!" akasema Sirili. Kisha akasikia mdomo wake unaendelea peke yake. "Katuni za ushindi nilikuwa nachora mimi."

Hakuwa amepanga. Lakini neno lilipokwisha kutoka lilikuwa tamu kama ndizi ya kisukari, na nani hutema kitu kitamu?

"Na za kushindwa?"

"Za Filbert, masikini. Alikuwa anajitahidi."

Manpreet aliandika. Pembeni, maharage yaliacha kugonga ungo.

Gari lilipotokomea bondeni Justina alisema, "Baba Godwin."

"Nini?"

"Mimi ndiye niliyekuwa nakufutia wino mezani. Golikipa analia, mashabiki wanalia, hata mpira wenyewe uliuchora unalia. Miaka saba tulikula na vilio humu ndani. Leo unamwambia mtoto wa watu kwamba ulichora ushindi?"

"Filbert amefaidi miaka arobaini. Mimi nife bila kuonja?"

"Mwenzako hawezi hata kufungua mdomo."

"Kwani alipokuwa anaufungua alinitaja?"

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," Justina akasema, akachukua mundu kwenda kuwakatia ng'ombe majani. Siku ya maonyesho hakwenda. Alisema ng'ombe hawawezi kubaki peke yao, na akamtazama mumewe kwa namna iliyomfanya Sirili asimsihi.

Kabla ya siku hiyo Sirili hakuwa na raha. Alimwona Filbert kichwani, kwenye kiti chake kule Majengo, akitikisa kichwa kukataa mpaka shingo ikatike. Siku tatu kabla ya maonyesho simu ikalia.

"Babu, nimerudi kwa Mzee Filbert kuhakikisha," alisema Manpreet. "Nimemsomea: za ushindi ni Sirili, za kushindwa ni wewe, ni kweli? Akanitazama muda mrefu, nikadhani hajanisikia. Halafu akatabasamu kwa upande mmoja, akakubali kwa kichwa."

Mwingine angemshukuru Mungu. Sirili alikaa barazani, damu inamchemka. Alidhani ameiba, kumbe amepewa! Filbert, akiwa hana ulimi wala mkono, ametazama sifa zake zote za ujanani, akaona mwenzake anazitamani, akamwachia, kama mtu anavyomwachia mtoto kipande cha muwa. Hata katika hili amemshinda. Sirili aliwaza kwamba laiti Filbert angekataa, angalau wangekuwa watu wawili wanaogombana.

Jumamosi alivaa suti aliyomwozeshea mwanawe, akateremka Himo, akashika gari la Moshi.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kuta tatu zilikuwa za ushindi, na chini ya kila katuni palikuwa na kikaratasi: Mchoraji, Sirili. Alizunguka akilisoma jina lake kama mtu aliyesahau anaitwa nani. Watu walimshika mkono. Mwenye bucha mmoja mzee alimwambia ile ya geti ilikaa dukani kwake mpaka ikaliwa na nondo. Hosea, aliyekuwa amekuja na shati jeupe, alimkumbatia mbele za watu.

"Meku, kumbe ndiwe! Na sisi tunakaa na wewe kilabuni kila Jumapili! Hebu tueleze, ile ya geti uliipataje?"

Sirili akaeleza. Alisema alikuwa amesimama njia panda ya Himo siku ya gulio, akayaona malori ya mahindi yanaelekea mpakani, wazo likamjia papo hapo. Alieleza hata rangi ya lori. Kadiri alivyosimulia ndivyo alivyoamini, na alifurahi furaha ambayo hakuwahi kuipata tangu azaliwe.

Ukuta wa nne, karibu na mlango wa jikoni, ulikuwa na zile ishirini na tatu. Filbert alikuwa ameegeshwa hapo na kiti chake cha magurudumu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mkono wa kulia umelala mapajani. Sirili alimpungia kwa mbali. Filbert akainua mkono wa kushoto, akatabasamu kwa upande mmoja.

Vijana wawili walipita mbele ya ukuta ule wakinywa soda.

"Hizi hazina chumvi kabisa," alisema mmoja. "Vilio vitupu."

"Huyu Filbert walikuwa wanamsifia bure," mwingine akajibu. "Angalia mikono yake, mizito."

Sirili aliyasikia, na moyo wake ukaenda njia mbili. Nusu ilishangilia, Filbert anasemwa vibaya, tena hadharani! Nusu ya pili ilitaka kuwashika wale vijana masikio, kuwauliza kama wao wanaweza kuchora mtu anayeshika kichwa kwa huzuni ukayaona mabega yakilia. Mikono mizito! Lakini akamgeukia mtu mwingine aliyetaka kupiga naye picha.

Kisha Manpreet akapanda jukwaani, akawashukuru watu, akaitoa hadharani ile hila ya katuni mbili. Watu wakaguna, wakacheka, wazee wakapigana mabegani. Alikuwa bado anasema pale mzee mmoja mrefu alipopita katikati ya viti, mgongo umenyooka, amekumbatia kitu bapa kilichofungwa kwenye kitenge, na blanketi jipya begani. Akamwomba Manpreet ruhusa ya kusema.

"Naitwa Aminieli," akasema. "Natoka Tarakea. Mimi ndiye wa geti."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, halafu watu wakaona hacheki, wakanyamaza.

"Chekeni tu. Na mimi siku hizi nacheka. Zamani sikucheka. Siku ile gazeti lilitoka jasho halijatukauka. Watu wetu wakaulizana: katuni hii imechorwa saa ngapi? Hakuna mtu wa kuchora hivi kwa dakika kumi. Basi imechorwa kabla ya mechi. Na kama imechorwa kabla ya mechi, Moshi walijua nitafungwa. Na kama walijua, basi Aminieli amenunuliwa."

Katika Moshi nzima, watu wachache tu ndio wangeweza kujua wakati ule kwamba haikuwa hivyo, Mohinder, wachoraji wake na watu wao wa karibu, na wote walikuwa chini ya mwiko.

"Kijiji kiliamini. Baba yangu aliamini. Aliniambia nitoke kihambani kwake nisikanyage tena. Nilikaa Himo mwezi mzima napakia mahindi. Siku moja ndugu yangu akanifuata, akaniambia rudi nyumbani, kuna Singasinga amekuja na jani la sale."

Wazee wakaguna. Jani la sale kila Mchagga analijua. Aliyekukosea akija nalo mkononi kuomba radhi, huwezi kumfukuza.

"Nani alimfundisha sijui. Nilimkuta amekaa chini mbele ya baba na wazee, kilemba chake kichwani, jani mkononi. Akaomba radhi kwa niaba ya gazeti lake. Akasema kila mechi huchorwa katuni mbili, na asiyeamini aangalie. Akatoa hii. Akasema, hii ndiyo ingetoka kama Aminieli angedaka."

Akafungua kitenge. Ndani ya fremu palikuwa na mchoro wa wino, karatasi imegeuka rangi ya chai. Golikipa amekaa golini, mkubwa kama Kilimanjaro, theluji kichwani, mabega yanajaza lango lote. Washambuliaji wa Rau Stars wamekuwa watalii na fimbo zao, wanampanda magotini, ndimi nje, wengine wamekwishageuka kuteremka. "Kileleni leo hatufiki."

Sirili aliutambua mchoro kabla hajasoma maneno.

Alikuwa amekwenda mpaka Tarakea kwa ajili ya mchoro ule. Alikaa nyuma ya goli mazoezini siku nzima akimtazama yule kijana anavyoruka, vidole vyake, jinsi alivyowapanga mabeki wake kwa sauti ya upole. Kati ya mia mbili na zaidi, ile ndiyo pekee aliyoichora kwa kupenda. Simu ilipokuja na manne kwa sifuri, alijifungia chooni pale ofisini akalia. Kisha akaamini, miaka yote hii, kwamba Mohinder aliwashia nayo jiko.

"Baba yangu aliishika akaitazama," Aminieli akasema. "Akasema, mtu aliyechora hivi alikuona. Akaniambia mwanangu, ingia ndani. Mohinder hakututajia jina, alisema ni mwiko. Nimeitundika sebuleni tangu siku ile. Wajukuu wangu wananijua kwa picha hii, si kwa geti. Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Nani alichora za kushindwa?"

Manpreet alikuwa anafuta machozi. Akanyoosha mkono kuelekea mlango wa jikoni. "Ni huyu pale. Mzee Filbert."

Aminieli alikwenda. Alilikunjua lile blanketi, akamfunika Filbert mabegani kama wanavyofunikwa wazee wa heshima, akainama, akaushika ule mkono uliokufa kwa mikono yake miwili. Ukumbi mzima ukasimama. Filbert alikuwa anatikisa kichwa, anatoa sauti kooni, na watu wakasema masikini, ameguswa.

Sirili alitazama blanketi. Maisha yake yote alimwonea Filbert wivu kwa mambo ya Filbert. Leo alimwonea wivu kwa jambo lake mwenyewe, na wivu huu haukufanana na ule wa zamani. Ule ulikuwa unamuuma, huu ulikuwa unamla.

"Hiyo ni yangu!" akapaza sauti.

Watu wakageuka.

"Babu?" akasema Manpreet.

"Hiyo ya mlima. Nimeichora mimi. Nilikwenda Tarakea, nilikaa nyuma ya goli..."

"Lakini babu, wewe ulikuwa wa ushindi."

"Nilikudanganya! Za ushindi ni za Filbert zote. Wa kushindwa ni mimi. Mimi ndiye wa kushindwa!"

Kisha Hosea akacheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemwondolea rafiki yake aibu.

"Ee meku! Ya geti umetueleza sasa hivi ulivyoipata Himo, mpaka rangi ya lori. Na hii nayo yako? Mwachie mwenzako hata moja!"

Kicheko kikapita ukumbini. Sirili akageuka huku na huku kutafuta mtu wa kumshuhudia, lakini shahidi wake alikuwa Kilema anakata majani ya ng'ombe. Aminieli akamtazama kutoka juu mpaka chini.

"Mzee," akamwambia, "ile ya geti nilishakusamehe. Sale lilikuja kwa niaba yako ingawa wewe hukuja. Sina neno. Ila hii, nakuomba, usiiguse."

Hapo Filbert akaushika upindo wa blanketi kwa mkono wake wa kushoto. Akalivuta. Lilimchukua muda, watu wakimtazama bila kuelewa, mpaka likamtoka begani, akalinyoosha mbele kadiri mkono ulivyofika, kuelekea kwa Sirili, akiguna neno ambalo halikutoka.

"Mnaona?" akasema mama mmoja. "Mnauona moyo huo? Anampa!"

Makofi yakalipuka. Watu walisema hawajawahi kuona mzee mwenye roho kama ile, katukanwa mbele za watu na bado anatoa. Manpreet akalia waziwazi. Aminieli akalipokea blanketi, akamfunika Filbert upya, akalikaza shingoni lisianguke tena. Filbert alimtazama Sirili juu ya mabega ya watu, macho yamejaa maji, kwa sababu alikuwa amejaribu na hakuwa na njia nyingine. Sirili akajikuta yeye peke yake ndiye asiyepiga makofi, watu wa karibu wameanza kumtazama vibaya, basi naye akapiga.